Ukuta Usioguswa

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, mshonaji alifuta ukuta. Alichukua kitambaa kikavu, akapanda juu ya kitanda cha binti yake, akafuta ukungu mweusi kuanzia pembeni mwa dari mpaka usawa wa mto. Baada ya siku chache ukungu ulikuwa umerudi. Binti alikuwa na miaka sita, na kifua chake kilikuwa kinabana. Daktari alisema wazi kwamba mtoto huyu asilale kwenye unyevu.

Kusema ni rahisi. Chumba cha kulala kilikuwa hicho hicho, na sebule ilijaa cherehani na vitambaa vya wateja.

Nyumba ilikuwa ya shirika lisilofanya biashara. Lilijenga ili watu wa kipato kidogo wapate pa kuishi kwa heshima. Wafanyakazi wake hawakuwa watu wabaya. Msimamizi hasa alikuwa mpole, mtu wa salamu ndefu. Mshonaji alimpelekea malalamiko mara tatu. Mara zote tatu alifika, akasimama mlangoni, akauliza hali ya mtoto, akashauri madirisha yafunguliwe. Kisha akaandika daftarini: "Mpangaji ameshauriwa kufungua madirisha. Imekwisha."

Imekwisha. Kwake yeye, neno hilo lilikuwa na maana kwamba amefika na amejibu. Wapangaji walimwita Bwana Fungua Dirisha, ila si mbele yake.

Mara ya tatu mshonaji hakubishana. Alirudi ndani, akaanza kukunja nguo. Dada yake alikuwa na chumba kimoja kikavu. Cherehani isingeenea humo, na bila cherehani wateja wangekwenda kwa wengine. Lakini mtoto angepumua. Akajipa mpaka mwisho wa mwezi.

Wiki hiyo hiyo shirika likampeleka msimamizi kwenye mafunzo ya siku tatu. Alikwenda amenuna. Alimwambia mkewe kwamba baada ya miaka kumi na minane kazini, labda wangemfundisha kushika ufunguo. Mkewe akasema hilo lingefaa sana, na akirudi aanze na ufunguo wao, maana huupoteza kila wiki.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa fundi bomba. Hakufungua kitabu. Alimtaka kila mmoja asome kwa sauti malalamiko ya unyevu yaliyomo katika daftari lake, pamoja na majibu. Zamu ya msimamizi ikafika. Jibu la kwanza, kufungua madirisha. La pili, kufungua madirisha. Kufikia la tano watu walikuwa wanacheka. Kufikia la tisa hakuna aliyecheka tena. Yalikuwa kumi na moja.

"Kaka," mkufunzi akauliza, "ukuta uliugusa?"

"Ukuta upi?"

"Wowote."

Msimamizi akatazama daftari lake, akalifunga.

Mkufunzi hakumwaibisha zaidi. Alieleza kwamba mara nyingi unyevu huja kwa njia mbili. Kuna unaotoka hewani. Watu wanapika, wanaoga, wanaanika nguo ndani, na mvuke unatua kwenye ukuta wa baridi. Hapo dirisha linasaidia kweli. Na kuna maji yanayotoka ndani ya ukuta wenyewe, kwa sababu bomba linavuja au mvua inapenya. Hapo hata ukiyang'oa madirisha yote, ukuta hautakauka.

Akachukua kipande cha nailoni na utepe wa gundi. Futa mahali padogo, alisema. Bandika nailoni, ziba pande zote nne, subiri siku mbili. Maji yakikaa juu ya nailoni, upande wa chumbani, yametoka hewani. Yakikaa nyuma yake, yametoka ukutani.

"Ukishajua, mwambie mpangaji nani atakuja na siku gani," akaongeza. "Usimwache anakisia. Na hilo neno imekwisha si lako, kaka. Ni la anayelala humo."

Msimamizi aliporudi kazini, alikuta masanduku mlangoni kwa mshonaji.

"Umekuja na dirisha lako?" mshonaji akamwuliza.

"Nimekuja kuomba niingie, mama. Ukiniruhusu."

Akampisha. Msimamizi akaweka kiganja ukutani karibu na mto wa mtoto, akakiondoa upesi. Kilikuwa kimelowa. Akaomba radhi bila maneno mengi, akabandika nailoni, akamsihi asihame kabla ya siku mbili. Mshonaji akamwambia ni hizo mbili tu. Ya tatu gari la mizigo linakuja.

Siku ya pili wakatazama pamoja. Upande wa chumbani nailoni ilikuwa kavu kabisa. Nyuma yake matone yalikuwa yamejaa. Fundi bomba akaja mchana huo. Alibomoa plasta upande wa bafu la jirani, akakuta kiungo cha bomba kinachuruzika taratibu, pengine kwa miaka. Mshonaji akaghairi gari. Yeye na binti yake wakalala wamebanana sebuleni kando ya cherehani, huku ukuta ukikauka. Kila Ijumaa msimamizi alipita na kueleza kilichobaki.

Alibandika nailoni pia katika nyumba nyingine zilizokuwa na malalamiko daftarini. Katika baadhi yake maji yalikuwa ya hewani kweli. Huko aliketi na wapangaji, wakatafuta pa kuanika nguo.

Wiki ya sita alikwenda kwa mshonaji na daftari. Plasta mpya ilikuwa imepakwa rangi. Akauliza kama sasa anaweza kuandika.

"Bado," mshonaji akasema. "Mtoto alale humo kwanza."

Msimamizi akaondoka na daftari lake. Akarudi baada ya juma moja. Binti alikuwa amelala siku zote saba bila kuamka na kikohozi. Mshonaji akapapasa ukuta kwa kiganja, juu, katikati, na chini penye mto. Hakuwa na haraka. Kisha akaomba kalamu, akaandika mwenyewe:

"Pakavu. Tunabaki."