Nusu ya Diski

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa fundi kuomba kitambaa cha kufutia vumbi. Mfamasia alimpa kipande cha shashi kutoka kwenye droo, na fundi akacheka kwamba hajawahi kutibu mashine kwa bandeji. Rekoda ya kamera ilikuwa juu ya kaunta, kifuniko kimetolewa, skrubu zimewekwa ndani ya kisoda zisipotee. Vumbi la miaka kumi na mmoja lilikuwa limeganda kwenye feni yake kama sufi.

"Hii ni ya zamani, Daktari," fundi alisema.

"Lakini inafanya kazi."

"Inafanya. Hata babu yangu anatembea, ila hatumtumi dukani."

Wakaguzi walikuwa wametaka kila duka la dawa lihifadhi picha za siku thelathini. Diski iliyokuwamo ilibeba siku tisa tu. Ikijaa, ilifuta siku ya nyuma kabisa na kuandika mpya juu yake. Mfamasia aliijua hesabu hiyo kuliko fundi. Miezi minne kabla, mkewe alipofariki ndani ya stoo ya duka hilihili, alihesabu siku tisa, na siku ya kumi akafungua orodha na kukuta siku ile haipo tena. Hakuwa amegusa kitu. Mashine ilifuta yenyewe, yeye alisubiri tu.

Fundi alichana mfuko wa diski mpya kwa meno.

"Nimekosa ya terabaiti mbili. Nimepata ya nne. Sasa hii mashine yako, macho yake yanaishia mbili."

"Na zinazobaki?"

"Zipo, ila haizioni. Ni kama umenunua nyumba ya vyumba vinne, ukapewa funguo za viwili. Vingine vimekaa tu."

"Vitupu."

"Vitupu. Nani atavitaka, Daktari?"

Akaifunga diski, akaiamuru mashine iifute na kuitayarisha, akasubiri namba zifike mia, akaondoka kabla ya adhuhuri.

Saa nane mchana mfamasia alifungua kalenda ya rekoda kuhakikisha kwamba inanasa. Siku yenye picha hupata alama ya kijani, na siku ya leo ilikuwa nayo. Kwa mazoea ya mtu anayesoma kila cheti cha dawa mara mbili, alirudi nyuma mwezi mmoja, kisha miwili, mitatu. Kurasa zilikuwa nyeupe, kama ilivyopasa. Mwezi wa nne, Jumanne moja ilikuwa ya kijani.

Aliitazama muda mrefu. Diski ilikuwa imetoka kwenye mfuko wake asubuhi ile, mbele ya macho yake.

Aliibonyeza. Ikafunguka kamera namba tatu peke yake, ile ya stoo: rafu, maboksi ya maji ya dripu, stuli ya mbao. Saa pembeni ilisoma tisa na dakika kumi, nayo ilikuwa inatembea. Hakukuwa na mtu. Ndani ya rekoda kulikuwa na mlio mdogo, tk, tk, kama kucha inayopimapima kioo.

"Baba, umekula?"

Binti yake alikuwa mlangoni na mfuko wa ndizi. Alizima skrini.

"Bado," akasema.

Binti huyo ndiye aliyekuwa amebaki naye. Aliacha kazi yake ya benki, akaja kushika kaunta, kwa kuwa dada wa kaunta waliyekuwa naye miaka sita walimfukuza. Aliyemfukuza ni binti mwenyewe, msibani, mbele za watu.

Yaliyotokea Jumanne ile aliyajua mtu mmoja. Asubuhi mfamasia na mkewe walikuwa wamegombana juu ya maboksi. Mke alisema amechoka kugeuzwa hamali. Alasiri mfamasia alimtuma dada wa kaunta apeleke dawa kwa mgonjwa wa mtaa wa pili, akabaki peke yake mbele. Saa tisa na dakika kumi aliona kwenye skrini mkewe ameketi juu ya stuli stoo, ameinua mkono kuelekea kamera. Ndivyo alivyomwita siku zote anapotaka kubebewa kitu. Naye akasema moyoni, na angoje kidogo, akabonyeza kitufe ili kamera ya mlangoni ijae skrini nzima, asimwone. Alihudumia wateja wawili. Aliponyanyuka, ilikuwa tisa na dakika hamsini. Vidonge vya moyo vilikuwa rafu ya pili, hatua kumi na mbili kutoka kiti cha mfamasia.

Watu walipojaa, mtu akamuuliza alikuwa wapi, naye akajibu: "Nilikuwa nimetoka kidogo." Maneno matatu. Yaliyobaki waliyajenga wengine: kama mwenye duka hakuwepo, basi dada wa kaunta aliliacha duka na mama wa watu akafa peke yake. Dada akasema alitumwa kupeleka dawa. Wote wakamgeukia mfamasia.

"Sikumbuki," alisema.

Binti akanyoosha mkono. "Funguo," akamwambia dada. "Na usije mazikoni."

Siku ya pili baada ya diski kubadilishwa, stoo ilianza kunuka mafuta ya mkaratusi, ambayo mkewe alikuwa akijipaka kifuani wakati wa baridi. Mfamasia alikagua kila chupa. Hakuna iliyovuja.

Siku ya tatu alikuja mzee kuchukua dawa ya macho. Alisimama kaunta, akatazama juu ya bega la mfamasia, kwenye skrini.

"Mwambie mama yule avumilie," alisema. "Unihudumie mimi kwanza, nina gari nje."

"Mama yupi, mzee?"

"Huyo kwenye televisheni. Amekuinulia mkono tangu nimeingia."

Mfamasia aligeuka. Kwenye skrini kulikuwa na vyumba vinne vidogo vya picha, na cha tatu kilikuwa na rafu, maboksi na stuli.

"Mzee, hiyo dawa ya macho uliandikiwa na nani?"

"Unanicheka," mzee alisema. "Sawa. Lakini mke wa mtu haachwi hivyo."

Alasiri ile alimtuma binti yake nyumbani mapema, akafunga mlango wa mbele, jua bado likiwaka barabarani na watoto wa shule wakipita wakicheka, akafungua Jumanne ya kijani, na safari hii stuli haikuwa tupu. Aliketi juu yake mtu mwenye kanga ya mkewe na mabega ya mkewe, ila aliketi kama anayeigiza kuketi, mgongo wima mno, na aliinua mkono polepole akauacha juu, dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi, bila mkono ule kutetemeka kama unavyotetemeka mkono wa mtu aliye hai, huku tk, tk ikizidi kasi ndani ya rekoda na harufu ya mkaratusi ikitambaa chini ya mlango wa stoo, mpaka picha ikabadilika yenyewe ikawa kamera ya kaunta, na pale mfamasia akajiona, ameketi kwenye kiti hikihiki, anatazama skrini hiihii, anakunja mdomo kwa kinyongo, ananyoosha kidole na kubonyeza.

Asubuhi yake alimwita Bibi Kimya. Zamani alikuwa mkunga hospitalini. Siku hizi watu walimwita kwa mambo ambayo hospitali haina kitabu chake. Alikuja na mkoba mdogo, akakataa kuwasha chochote chenye moshi karibu na dawa. Aliweka kiganja juu ya rekoda kama juu ya tumbo la mja mzito, akasikiliza. Kisha akaingia stoo na mfamasia, akafunga mlango.

"Si mkeo," alinong'ona. "Hilo litoe moyoni. Wafu hawana shughuli na mitambo."

"Ni nini?"

"Jini. Ulimpa mahali palipojengwa pasipo na mwenyewe. Ataacha kuingia kwa nini?"

"Bibi, ile ni diski. Si nyumba."

"Fundi wako ndiye aliyeiita nyumba, na wewe ndiye uliyenisimulia. Mimi hata simu yangu nawashiwa na mjukuu." Alimtazama. "Mahali alishapata. Sasa niambie anakula nini."

Nje binti yake alikuwa anamwelekeza mteja: kutwa mara tatu, baada ya chakula.

Mfamasia akamwambia ya Jumanne ile. Ilimchukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Bibi Kimya hakushtuka. Alikunja tu ncha ya kitambaa chake, akakikunjua.

"Uliyoyatupa ameyaokota," alisema. "Kwako anaonyesha ya kweli kwa sababu wewe unayajua. Binti yako hayajui. Siku akitazama, ataonyeshwa yale uliyompa wewe."

"Mtoe tu, Bibi."

"Nitamtoa na chakula kipo mezani? Atarudi kesho. Sema kwa binti yako, na kwa yule msichana. Uso kwa uso. Akikosa cha kula, hafukuzwi, anaondoka."

"Nimebaki na huyu mtoto peke yake. Akijua, nitabaki na nani?"

"Na yule msichana mwingine," Bibi Kimya aliuliza kwa sauti ileile ya chini, "amebaki na nani?"

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru kwa heshima zote. Kisha akachukua bisibisi. Binti alikuwa amekwenda kula. Alifungua skrubu, akachomoa waya, akaitoa diski ikiwa bado na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Aliifunga kwenye gazeti, akaenda kuitupa ndani ya pipa la taka nyuma ya jengo, chini kabisa, akafunika kwa maboksi. Aliporudi, rekoda ilikuwa inalia pii, pii, na skrini imeandika kwamba hakuna diski. Akaosha mikono mara mbili. Akaenda choo cha nyuma, akakaa huko kidogo.

Alipotoka, ile pii ilikuwa imekoma.

Binti yake alikuwa amesimama mbele ya skrini, mikono imeshika ukingo wa kaunta. Hakuwasha kitu, alisema baadaye, aliikuta inacheza. Mwanga wake ulimpiga usoni. Sehemu ya diski ilikuwa wazi, waya mbili zikining'inia, na bado ndani ya rekoda kulikuwa na tk, tk, tulivu, ya kitu kilichokwisha kuzoea mahali.

"Baba," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Kwa nini hukuniambia picha zipo?"

"Picha gani, mama?"

"Alikuwepo." Hakugeuka. "Dada alisema alitumwa. Baba, alikuwa mlemle ndani. Amesimama karibu na rafu, amekunja mikono, anamtazama Mama. Mama anamnyooshea mkono, na yeye anatazama tu. Anatabasamu. Dakika arobaini, Baba."

Mfamasia alitazama skrini. Alijiona mwenyewe, kidole juu ya kitufe.

"Wewe unamwona," binti alisema. "Si unamwona?"

Alifungua kinywa. Aliona jinsi mtoto wake alivyoung'ang'ania ukingo wa kaunta, akaona pia, kwa uwazi uleule ambao alisomea vipimo vya dawa, kwamba neno moja lingetosha kumzuia, na kwamba neno hilo lingemwondoa yeye machoni pa mtoto huyu kwa maisha yote yaliyobaki.

"Macho yangu," alisema. "Sioni vizuri."

"Nimempigia Mjomba. Kesho saa mbili tunakwenda polisi, na kabla ya hapo tunapita kwa yule dada. Nataka aniangalie usoni." Alifuta machozi kwa nyuma ya mkono. "Nilimnyang'anya funguo tu. Nilimhurumia, Baba. Nilimhurumia."

Nyuma yao, kutoka stoo, stuli ilikwaruza sakafu, kama ya mtu anayejisogeza apate nafasi zaidi.

Kulipokucha mfamasia alivaa shati safi, akamgongea binti yake saa kumi na mbili na nusu.

"Twende kwa dada," alisema. "Mimi na wewe. Mjomba atatukuta."

Dada wa kaunta alikuwa amepanga chumba nyuma ya gereji, mlango wa bluu. Walimkuta anaanika nguo alizowafulia watu wengine. Siku hizi alifua. Alipowaona aliweka beseni chini, akasimama wima, kama anayejiandaa kupigwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Usiniamkie," alisema. "Nisikilize kwanza."

Binti alitaka kusema. Baba yake aliinua kiganja kumzuia, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia tangu utoto.

Dada alivuta stuli ya plastiki, akampa. Mfamasia hakuketi. Alianza na ugomvi wa asubuhi, akaeleza nani alimtuma nani na dawa ya mgonjwa yupi. Alitaja saa. Alitaja mkono ulioinuliwa, na nani aliyeuona. Alisikia nyuma yake pumzi ya binti yake ikikatika, kisha hatua zake zikirudi nyuma, moja, nyingine, mpaka kwenye ukuta wa gereji. Hakugeuka kumtazama. Alifika kwenye neno "sikumbuki", akasema kwamba alikumbuka, kila kitu, hata siku ileile aliposema hakumbuki. Kisha, kwa kuwa dada wa kaunta alikuwa bado anamtazama kama asiyeamini kwamba ameruhusiwa kusikia, alirudia tena tangu mwanzo.