Gaston Anakataa Bugali

Lori la kutoka Kalehe lilipofika soko la Kadutu, mwaka ule wa hamsini na saba, kila mtu alirukia mzigo wake. Delphine alibaki akiizunguka mashine yake ya kushona kama mtu anayezunguka ng'ombe mkali. Alivaa kitenge cha bluu na libaya, blauzi ya mikono ya kuvimba aliyoishona mwenyewe, na hakutaka jasho liiharibu.

—Maman, leta nibebe.

—Maman ya nani? Umeona batoto yangu wapi?

—Pardon. Basi, chérie.

—Weee! Beba kwanza, majina utatafuta kisha.

Gaston, fundi wa kujenga, akaiweka begani kwa mkono mmoja tu. Delphine aliutazama mkono ule hadi nyumbani, na asikudanganye mtu kwamba alikuwa akitazama njia.

Mkono huo ulipiga pia masumbwi siku za Jumapili. Gaston alipomposa, Delphine alitoa sharti moja.

—Sitaki bwana wa kurudi na meno mu mufuko. Wacha boxe.

Gaston akaapa ameacha. Wanaume huapa upesi sana wanapopenda.

Padri alikuwa ameshaitangaza ndoa yao mara mbili kanisani, imebaki mara ya mwisho, ndipo Gaston alipoanza kukonda. Mashavu yakaingia ndani. Akawa na hasira za ovyo. Kijiko kikianguka, anafoka. Kibaya zaidi, alianza kukataa bugali ya Delphine.

—Nimeshiba, sha.

—Umeshiba wapi?

—Ku kazi.

—Ku kazi banapika? Gaston, unitazame. Nani anakupikia?

Gaston akacheka kicheko kikavu, akaondoka. Delphine hakuwa mtu wa kukaa na swali moyoni. Akamfuata kwa mbali hadi kwa Adélaïde, mjane mfuga kuku. Kupitia ua wa matete akamwona Gaston wake, yule aliyeshiba, akimeza mayai ya kuchemsha, na Adélaïde akimwongezea maharagi huku anacheka. Delphine alirudi akilia njiani bila kujali nani anamwona. Wivu ulimuuma kuliko jino bovu.

Kesho yake, Ijumaa, mama wa Gaston alifika kutoka Mudaka, na mwanawe nyuma yake. Maman Eulalie alikataa kiti. Kwao, kijana akikonda na kukimbia chakula, watu hawaulizi mengi: amepewa karuho, ile sumu ya kuua polepole.

—Mutoto yangu anaisha. Umemupa karuho.

—Mama! Miye?

—Nani mwingine anamupikia? Nitaenda kwa padri. Hiyo ndoa haitatangazwa.

Msichana akishapakwa neno hilo, haolewi na Gaston wala na mwingine. Hata wateja watachukua vitambaa vyao. Delphine akamgeukia Gaston. Alikuwa amesimama mlangoni, kichwa chini.

—Sema basi! Uko na Adélaïde? Sema nijue!

—Adélaïde? Gaston alishtuka kweli. Akatoa mfukoni kichupa cha vidonge vyeupe. —Iko hii dawa. Inakata njaa. Niko na combat ya boxe Jumapili, lazima nipunguze kilo. Lakini Tonton Alphonse, ule infirmier wa hospitali, alinionya: hii dawa haichague, inakula mafuta, inakula na misuli. Njo maana alisema nikule mayai na maharagi, nibebe na mawe kila siku, nguvu isiishe. Adélaïde iko na mayai, iko na mawe mu parcelle yake, mu kiwanja. Njo hivyo tu.

—Boxe uliapa umeacha.

—Niliogopa utanikataa.

—Na ukaacha mama aniite mulozi.

Gaston akampa mama yake kichupa. Maman Eulalie alikinusa, akakirudisha kwa vidole viwili.

—Bongo ni bongo, uongo tu, akasema. —Nani anajua kama si huyu binti alimupatia hii?

Delphine aliingia jikoni, akarudi na bugali ya moto na samaki. Desturi yao ni kwamba mpishi huonja kwanza, walaji waone chakula ni safi. Yeye aliweka sahani chini, akakunja mikono kifuani.

—Leo sitaonja. Kama unaniamini, kula. Yote. Ukikataa, mama aende kwa padri, na miye nitaenda naye.

Gaston aliitazama sahani. Uzito ulikuwa unapimwa kesho. Akila, pambano limekwisha kabla ya kuanza. Akaketi, akamega tonge. Vidonge vilikuwa vimeua hamu yote. Kila tonge lilishuka kwa shida, machozi yakimlenga. Hakuacha hadi samaki akabaki mifupa.

—Ongeza, akasema.

Delphine alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia. Alimpenda mjinga yule, na jambo hilo lilimkasirisha. Akamwongezea.

Maman Eulalie alimtazama mwanawe akila, akamtazama Delphine. Kisha akavuta kiti, akaketi.

—Leta maji ninawe mikono, mutoto yangu.