Bomba Limepasuka

Kila Jumamosi, akitoka chuo cha Kurani, Hayat alikuwa na kazi moja aliyoichukia. Aliketi kwenye meza ya jikoni katika fleti yao ya Woolwich, akavaa hedifoni na kusikiliza watu wakizungumza Kiswahili. Mtu akizungumza mambo ya kawaida, alibonyeza kijani. Akitaja vita, silaha au mlipuko, alibonyeza nyekundu. Sauti mia mbili kila wiki.

Kazi yenyewe ilikuwa ya baba yake, Hafidh. Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa na watu watano tu, lakini ilikuwa imepata ruzuku ya utafiti ambayo serikali huzipa kampuni ndogo ili zibuni vifaa vya jeshi. Walikuwa wakitengeneza mashine ya kusikiliza maneno ya hatari. Mashine ilijifunza kwa kufuata vidole vya aliyebonyeza, na fomu ya kila wiki ilitaka sahihi ya mtu mzima aliyesikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Baba alitia sahihi. Jumamosi alikuwa hoi, amelala.

"Neno usilolijua usibahatishe," alimwambia Hayat. "Niamshe uniulize."

Hayat alijibu sawa, kwa Kiingereza. Alizaliwa London. Kiswahili alikielewa, lakini kukizungumza aliona haya, maana binamu zake walimcheka wakisema anatafuna maneno kama bablishi. Kuuliza aliona haya zaidi. Neno likimpita alikisia, akabonyeza, akaendelea.

Pembeni, Bibi Suad, mama yake Hafidh, alimenya muhogo wa sokoni. Hata sauti yake ilikuwa imerekodiwa. Hafidh alimwambia kuwa ni mashine inayojifunza Kiswahili. La jeshi hakulitaja.

Shule zilipofunga kwa wiki moja, Baba aliwachukua Hayat na Bibi mpaka karakana ya kampuni, mtaa wa Barking. Siku hiyo ofisa wa ruzuku, Bwana Kailash, alikuwa anakuja kuamua kama kampuni ipewe ruzuku ya awamu ya pili. Bila hiyo kampuni ingefungwa, na Baba angekosa kazi. Bibi ndiye aliyeombwa azungumze mbele ya mashine. Alijifukiza udi kama anayekwenda harusini.

Karakana ilinuka mafuta ya mashine na mayai. Harufu ya mayai ilitoka kwa mwenye kampuni, Bwana Victor, aliyezungumza huku anakula sandwichi na kulamba vidole kimoja baada ya kingine.

"Tujaribu kabla mgeni hajafika," alisema. "Mwambie mama yako aseme chochote."

Bibi akakohoa kidogo, akaanza kusimulia siku zake za shule, Chake Chake. "Basi mwalimu akatoka mbio, anapiga ukelele: Bomba limepasuka! Wanangu, kimbieni mlete ndoo!"

Taa nyekundu ikawaka. Maneno ya Kiingereza yakatokea kwenye skrini: *Hatari. Msemaji anatangaza mlipuko.* Droni ndogo, ndege isiyo na rubani, iliyounganishwa na mashine ikageuza kamera yake juu ya meza, ikamkazia Bibi jicho.

Victor akacheka mpaka chembe za yai zikamtoka mdomoni. "Jamani, tumemkamata adui!"

Bibi hakuelewa. Alirekebisha mtandio wake, akaitabasamia ile kamera kama mtu anayepigwa picha. "Limesemaje, Hafidh? Limenipenda?"

Hayat akayarudia maneno yale kimoyomoyo. Bomba limepasuka! Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi kwenye hedifoni, watu wakilalamikia maji, na kila mara alibonyeza nyekundu. Kwake yeye, bomba lilikuwa bomu.

"Ni bomba la maji," Baba alinong'ona. "Nani amebonyeza..." Akamtazama binti yake, kisha akatazama chini. Sahihi ilikuwa yake.

"Usijali," alisema Victor, akifuta mkono kwenye suruali. "Mama yako azungumzie mapishi. Huyo ofisa hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Tukishapata ruzuku, tutarekebisha."

"Na tusiporekebisha?" Baba akauliza.

"Afrika iko mbali," Victor akajibu, akalamba kidole cha mwisho.

Hayat alimtazama baba yake, akingoja aseme neno. Baba hakusema. Ukimya ule nao ukamtia kinyaa. Kisha Hayat akakitazama kidole chake mwenyewe, kile cha kubonyezea. Akakifuta kwenye sketi. Akakifuta tena.

Bwana Kailash aliingia na miwani iliyolowa mvua, akasalimia kila mtu. Bibi akazungumza. Pilau: kijani. Kuanika nguo: kijani. Harusi ya jirani: kijani. Victor aliitikia kwa kichwa kila taa ilipowaka, kana kwamba ni yeye aliyepika hiyo pilau.

"Kazi nzuri," alisema Bwana Kailash, akatoa kalamu.

Hayat alijua kwamba akifungua mdomo, baba yake huenda akarudi nyumbani bila kazi. Aliitazama ile kamera, imelala kimya, inangoja.

"Bibi," alisema kwa Kiswahili, "sema lile la bomba."

"Mtoto anasemaje?" Victor akauliza.

"Looo! Mjukuu wangu leo amenisemesha Kiswahili!" Bibi akafurahi, akaipaza sauti yake yote: "Bomba limepasuka! Wanangu, kimbieni mlete ndoo!"

Taa ikawaka nyekundu. Kamera ikageuka.

"Amesema nini?" Bwana Kailash aliuliza.

"Amesema watoto walete ndoo, maji yanamwagika," alijibu Hayat, sasa kwa Kiingereza. "Mashine imekosea kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyebonyeza. Sikulijua neno, na sikuuliza."

"Mtoto anacheza huyo," alisema Victor haraka.

"Hachezi," alisema Baba. Alikuwa amesimama. "Nilitia sahihi kwamba nimesikiliza. Sikusikiliza. Na leo nimenyamaza makusudi."

Bwana Kailash akaifunika kalamu yake. "Bwana Victor, wewe ulijua?"

Victor akaanza kufuta chembe za yai mezani.

"Jaribio likishindwa, mkaniandikia kwamba limeshindwa, huo ni utafiti, na ruzuku inagharimia hayo pia," alisema ofisa. "Lakini hiki mlichonionyesha ni uchafu. Awamu ya pili leo hakuna. Nawapa miezi mitatu mrekebishe, kisha nitarudi kuamua. Kila sauti isikilizwe upya na watu wazima wawili wanaoijua lugha. Na wewe Bwana Hafidh, andika barua ueleze habari ya sahihi zako."

Bibi alimvuta mwanawe mkono. "Hafidh, hii mashine ni ya nani?"

"Ni ya jeshi, mama."

Tabasamu likamtoka Bibi. Akajiziba pua kwa mtandio, kama mtu anayepita penye mtaro uliofurika. "Na mimi nikaichekea! Mwambie huyo bwana anirudishie sauti yangu."

Sauti zake zikafutwa moja moja, yeye amesimama pale pale anaangalia. Hakuondoka mpaka ya mwisho.

Kwenye basi, Baba alimweleza Bibi yote, na Hayat akalia. Bibi akampa kitambaa.

"Kutojua neno si aibu," alisema. "Mimi nimekaa mji huu miaka ishirini na nusu ya maneno yao siyajui. Aibu ni kujifanya unajua, halafu akaumia mtu usiyemwona. Leo umesema kweli na ulikuwa unaogopa. Shika hivyo hivyo." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe usijifiche tena nyuma ya kidole cha mtoto. Sahihi nayo ni sauti yako."

"Nisamehe, mama," alisema Baba. "Nawe nisamehe, Hayat."

Jumamosi iliyofuata, Baba ndiye aliyevaa hedifoni. Hayat aliketi karibu na Bibi.

"Bibi," aliuliza kwa Kiswahili, "kupasuka na kulipuka ni kitu kimoja?"

Bibi akachukua muhogo, akauchoma kisu na kuupasua katikati. "Huu umepasuka. Umesikia kishindo?"

"Sikusikia."

"Basi bonyeza kijani."