Miiba ya Shamba la Alute

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwishoni mwa Novemba, ng'ombe wanne wa Mzee Melkizedeki walikutwa wamekufa njiani, hatua chache kutoka shamba la jirani yake Alute, nje kidogo ya Ilongero. Editha, daktari wa mifugo wa kata, alifika saa mbili na kukuta kesi imekwisha. Kijiji kikishapata mkosaji, nani anahangaika na ushahidi? Alute ametia sumu, alipe ng'ombe wanne. Na Alute mwenyewe alikuwa na ng'ombe wanne tu.

"Shikamoo, mzee," Editha alisema, akinyoosha mkono.

"Marahaba, mwanangu." Melkizedeki alimpa kifundo cha mkono ashike, kama mtu mwenye mikono michafu. Mkono wenyewe haukuwa na tope wala damu. Editha aliliona hilo.

"Na leo saa nne wakwe wa mwanawe wanakuja kuangalia ng'ombe wa mahari," alisema Gervas, mtendaji wa kijiji. "Mzee kaonewa. Sumu hii hapa, tumeitoa kwa Alute."

Ilikuwa chupa ya dawa ya kupe. Editha aliigeuza. "Hii haijafunguliwa, mtendaji. Kifuniko hakijakatwa."

"Basi anaficha nini?" Melkizedeki alifoka. "Mtama kavuna tangu Juni, bado kazungushia shamba miiba! Nani analinda mabua?"

Alute alitaka kujibu, watu wakamzomea.

Editha alimpasua ng'ombe mmoja. Damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa, na tumbo limejaa majani mabichi ya mtama. Akaenda shambani. Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imeyachipusha mashina ya zamani, na kona nzima ya machipukizi ilikuwa imeliwa. Pale penye mwanya, matawi ya mgunga yalikuwa yamevutwa nje na kuegeshwa pembeni. Ng'ombe akivunja ua, huusukuma ndani.

Aliporudi, alisimama mbele ya Melkizedeki. "Mzee, naomba nione kiganja."

Mzee alisita, kisha akakifungua. Mwiba wa mgunga ulikuwa umevunjikia ndani, jeraha bado bichi.

"Machipukizi ya mtama baada ya ukame yana sumu yake yenyewe, ndiyo huacha damu nyekundu ya kung'aa hivi," Editha aliwaambia watu. "Hakuna aliyeitia. Ila yupo aliyefungua ua."

Melkizedeki akaketi chini. "Walikuwa mbavu nje, daktari. Wakwe wangewakataa. Nikasema washibe kidogo alfajiri, nani ataona? Walipoanguka, nikaogopa aibu."

"Ukaona heri aibu aivae Alute."

Gervas alimrudishia Alute chupa yake kwa mikono miwili, macho chini.

"Ndama wangu alifia humo mwaka juzi," Alute alisema taratibu. "Nilikwambia, kaka, ukasema nina choyo. Ile miiba haikulinda mabua. Ililinda ng'ombe, wangu na wako."

Melkizedeki hakuinua uso. Barabarani, pikipiki za wakwe zilianza kusikika.