Zulia Vipi, Bibie?

Mwezi wa Novemba kwetu Halifax, mji wa Kiingereza wa viwanda vya sufu, jua linatoroka saa kumi jioni kama mtu anayekwepa bili. Ijumaa ile nilikuwa napanda mlima kumpelekea dada yangu Gillian samaki wa kukaanga na chipsi, siki ikivuja mfukoni na kunilowesha suruali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila Ijumaa tangu mume wake afariki.

Naitwa Trevor. Nina kitambi, nina upara, na nimetapeliwa katika bandari nyingi kuliko mabaharia. Marrakech niliuziwa ngamia niliyekuwa nimempanda kwa kumkodi. Napoli niliibiwa viatu nikiwa nimevivaa. Labda ndiyo sababu, nilipostaafu, nilikwenda kujitolea pale maktaba, kwenye meza ya ushauri wa wateja. Ukiuziwa kitu kibovu, unakuja kwangu, nakufungulia sheria. Watu husema ninaijua. Ninaijua kweli.

Gillian alifungua mlango. Harufu ilinifikia kabla yake.

Nywele... nywele mbichi, zilizolowa, ambazo hazijaoshwa muda mrefu.

Alikuwa amevaa kofia ya sufu, humo humo ndani.

"Vua viatu," akasema. "Nina zulia jipya."

Nikavua. Nikakanyaga.

Lilikuwa na joto.

Si joto la hita. Dada yangu huwasha hita kwa uchungu, kama anayeng'olewa jino. Hili lilikuwa joto la kiumbe. Na nilipoinua unyayo, nyuzi zile zilinyanyuka nao kidogo, taratibu, kama mkono usiotaka mgeni aondoke.

"Biskuti yuko wapi?" nikauliza. Biskuti ni paka wake.

"Alilala juu ya zulia." Gillian alikuwa anafungua chipsi, haniangalii. "Sijamwona tena."

Nikamwambia akae, anieleze. Akaeleza. Mtu alikuja mlangoni, mpole, kofia mkononi, anajiita Bwana Lumb. Amebeba vipande vya mazulia vya kuonyesha. Mvua inanyesha. Dada akaona aibu kumfungia mtu mlango usoni. Akachagua la kijani, kijani cha majani ya chai. Kesho yake Lumb akaja kulitandika mwenyewe, kwa magoti, bila msumari hata mmoja.

"Mbona hili ni la kahawia?" nikasema. "Kahawia lenye mvi."

Gillian akavua kofia.

Nikasogea karibu. 

Nywele zake zilikuwa nzuri, nzito, za kahawia, zimeingia mvi. Sasa kichwa kilikuwa na viraka vitupu, vyekundu, kama mahali palipopaliliwa. Nikainama. Nikashika nyuzi za zulia kwa vidole viwili.

Nikaziachia upesi.

"Anapiga simu kila jioni," dada akanong'ona. "Anauliza, zulia vipi, bibie?"

"Nawe unamjibu nini?"

"Namjibu, zuri sana, asante."

"Gillian."

"Sasa nimwambieje, Trevor? Mtu mwenyewe mstaarabu. Na kila nikisema zuri... asubuhi linakuwa limenenepa."

Simu ikalia.

Sote wawili tukaitazama. Ikalia, ikalia. Chini ya soksi zangu zulia lilijikunja kidogo, kama ngozi inayosikia baridi. Simu ikanyamaza.

Aibu yangu ni hii: nilifurahi. Hofu ilikuwepo, ndiyo, lakini nilifurahi kama fundi aliyeletewa mashine anayoifahamu. Nikamwambia kitu kikiuzwa lazima kilingane na maelezo yake. Aliambiwa kijani, huyu kaleta kahawia. Lazima kifae kwa matumizi, na zulia halina ruhusa ya kula paka. Zaidi ya yote, siku hizi za mwanzo sheria inamruhusu kulikataa na kurudishiwa alichotoa. Asigombane. Aseme tu halitaki.

"Atajisikia vibaya," akasema.

"Dada, unapata upara."

"Wewe unao na unaishi."

Tukaingia garini. Njia nzima nilimfundisha kama mtoto wa chekechea.

"Sema: zulia ni baya."

"Zulia... halikunipendeza sana."

"Baya."

"Baya," akasema, akatazama dirishani kana kwamba ametukana mtu.

Duka la Lumb lilikuwa ndani ya kanisa la zamani, nyuma ya kiwanda cha sufu kilichofungwa. Taa moja. Mazulia yamekunjwa na kusimamishwa wima, safu kwa safu, kimo cha watu. Moja la dhahabu. Moja jeupe kabisa, kama nywele za bibi. Moja dogo, fupi, jekundu, limejikunja mawimbi.

Hilo dogo sikuliangalia mara ya pili.

Harufu ile ile.

"Karibuni," sauti ikasema. "Baridi leo. Mtakunywa chai."

Halikuwa swali. Bwana Lumb alikuwa mwembamba, kikoti kisafi, mikono laini. Alitukabidhi vikombe. Nikamweleza sheria, kifungu kwa kifungu. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi bora.

"Umesema kweli tupu, ndugu yangu," akasema. "Mimi ni mtu wa sheria. Mteja akiniambia kwa kinywa chake kwamba bidhaa ni mbaya, naichukua usiku huu huu. Narudisha kila kitu." Akamtazama Gillian kichwani. "Kila unywele. Hata paka."

Akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Basi, bibie. Zulia vipi?"

Gillian alikishika kikombe kwa mikono miwili.

Nyuma yetu mazulia yalisogea. Nilisikia... sufu ikisuguana na sufu. Yote yalikuwa yamejiinamisha kidogo upande wetu, kama watu kwenye foleni wanaotaka kusikia.

Nikamkanyaga dada mguu. Midomo yake ikafunguka. Niliiona ile herufi ya kwanza ikijiumba, midomo imebanwa, *b*... macho yamejaa machozi. Lumb akampa tabasamu. Tabasamu la mtu aliyefanya kazi kwa bidii na anaomba tu asiumizwe moyo.

"Zuri," akasema Gillian. "Zuri sana, asante."

"Halitaki," nikapaza sauti. "Linamuua. Ameniambia mimi halitaki."

"Wewe ndiye uliyenunua?"

"Mimi ni mdogo wake."

"Wewe ndiye uliyenunua?"

Nilijua jibu. Nimewaambia watu mamia pale maktaba: mkataba ni wa muuzaji na mnunuzi, jirani hawezi kulalamika kwa niaba yake. Nikamgeukia dada. Gillian alikuwa analia bila sauti, huku akimwitikia Lumb kwa kichwa kumwonyesha kwamba kila kitu ni sawa, asijali, yuko sawa kabisa.

"Nimezunguka sana," Lumb akasema taratibu, akinigeukia. "Nawe umezunguka, nakuona. Napoli nilikaa asubuhi moja tu. Walinirushia zulia kutoka ghorofa ya tatu, na matusi juu yake. Marrakech hawakunifikisha hata kwenye bei." Akapapasa lile zulia dogo jekundu. "Hapa kwenu pananifaa. Miaka yote hii sijapata lalamiko hata moja. Wananung'unika jikoni. Wananung'unika garini. Mimi nikiuliza..."

Hakumaliza. Akakitazama kikombe changu. Nilikuwa nimekinywa chote bila kujua, kwa woga. Ladha yake nilikuja kuihisi wakati huo: vuguvugu, yenye mafuta, na kitu chembamba kikiteleza kuelekea kooni.

"Chai vipi, ndugu?"

Nilikuwa na hasira ya kuua mtu. Nilikuwa na sheria yote kichwani. Nikafungua kinywa.

"Nzuri sana," nikasema. "Asante."

Lumb akainuka kutufungulia mlango. Alimtahadharisha Gillian asiteleze kwenye ngazi.

Nilimlazimisha dada alale kwangu. Alikubali, akasema kitanda changu ni kizuri. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa vizuri, na viatu vyake bado viko mlangoni kwangu. Nikaendesha hadi kwake. Mlango haukufungwa. Kofia ya sufu ilikuwa juu ya kiti.

Zulia lilinifika kwenye vifundo vya miguu.

Katikati, kuanzia dirishani hadi mlangoni, nyuzi zilikuwa zimegawanyika kwa mstari mmoja ulionyooka, upande wa kushoto, vile Gillian alivyokuwa akichana nywele tangu shuleni. Kibanio chake cha nywele, cha gamba la kobe, kilikuwa kimebanwa hapo. Nikapiga magoti. Nikaliita jina lake juu ya zulia lile. Likapanda, likashuka. Likapanda, likashuka...

Polisi waliandika kwamba ameondoka kwa hiari. Askari mmoja alisifu zulia.

Mimi bado niko meza ya maktaba. Naongea kidogo siku hizi. Kuna kitu kimekwama kooni. Nikikivuta kwa vidole kinatoka, chembamba, kirefu, cha kahawia chenye mvi, na hakina mwisho. Nimesoma sheria nzima upya. Inalinda bidhaa. Inalinda huduma. Chai ya bure sijaiona mahali.

Lakini Lumb alisema mwenyewe: mteja akisema ni baya, anarudisha kila kitu. Kwa hiyo kila jioni najifunza mbele ya kioo. Mbaya. Chai ilikuwa mbaya. Kwenye kioo nalisema neno hilo vizuri kabisa, hata kwa ukali.

Kisha simu inalia, na ile sauti ya upole inauliza, chai vipi, ndugu, inangoja, nami nasikia jinsi anavyotumaini sitamvunja moyo...

Jana usiku, nikijibu nzuri sana, asante, nilijikuta nafuta unywele kwenye pembe ya mdomo kwa adabu.