Si Babu Anayeniamsha

Siku Babu Bagenda alipoondoka, nyumba yao ya Buswelu, Mwanza, ilianza kuwa kimya usiku.

Kabla ya hapo haikuwahi kuwa kimya. Kuta za vyumba hazikufika hadi kwenye bati, kwa hiyo mkoromo wa Babu ulipanda, ukavuka ukuta, ukashuka upande wa pili kwenye kitanda cha Eugenia. Baba yake, Venant, alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kusaga unga, naye alipenda kutania, "Mchana nasaga mimi, usiku anasaga mzee." Eugenia alizaliwa akaukuta mkoromo huo. Hakujua kwamba kuna watu wanaolala bila huo.

Usiku ule mkoromo huo ulikatika. Eugenia aliamka, kama wanavyoamka watu wanaoishi jirani na mashine umeme ukikatika. Alisikiliza kidogo. Akadhani Babu amegeuka upande. Naye akageuka upande wake, akalala tena. Asubuhi alipompelekea maji ya uvuguvugu ya kunawa uso, kama alivyofanya kila siku kabla ya kwenda shule, Babu hakuyapokea.

Walimzika kwao Muleba, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Waliporudi Mwanza, watu wazima waligawana makoti, redio na fimbo. Eugenia alichukua kopo la kahawa. Hakumwomba mtu ruhusa. Alilificha chini ya mto wake.

Haikuwa kahawa ya kunywa. Ilikuwa ile ya kutafuna: matunda mazima ya mbuni, yaliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha yakaanikwa mpaka yakawa makavu na meusi. Kila mgeni aliyeingia kwa Babu alipewa chache kiganjani kabla hajaeleza kilichomleta. "Mtu asiseme na mdomo mtupu," Babu alikuwa akisema. Harufu ya kahawa hiyo ndiyo iliyokuwa harufu yake.

Basi kila usiku, kabla ya kulala, Eugenia alitia punje kadhaa mdomoni, akafumba macho na kuzitafuna polepole, na kwa muda mfupi Babu alikuwepo. Kisha usingizi ulichelewa. Ulipokuja, ulimtupa tena saa nane. Nyumba kimya. Mbwa wa jirani, tone la maji kwenye tanki, pikipiki moja mbali ikipanda kilima. Aliingiza mkono chini ya mto, akatafuna tena. Karibu na alfajiri macho yalianza kuwa mazito, na hapo hapo mama yake, Bernadeta, akaita, "Euge! Amka, shule!"

Shuleni alisinzia. Alisinzia kwenye Hisabati, akasinzia kwenye Kiingereza, na siku moja alisinzia amesimama mstarini wakati wa wimbo wa taifa.

"Mlinzi wa usiku!" Chenge, aliyekaa dawati la nyuma yake, alimpigia saluti. "Zamu imeisha, afande?"

"Nawalindia mbuzi wenu," Eugenia akamjibu. "Mseme asante."

Wenzao wakacheka. Lakini Chenge hakutosheka. "Bibi yangu amesema mtu akiamka saa ile ile kila usiku, kuna marehemu anamwita. Ni babu yako huyo."

Eugenia aliinuka. Alikuwa mdogo kuliko Chenge kwa kichwa kizima. "Babu yangu amenilaza miaka yote tangu nizaliwe. Leo ndiyo aanze kuniamsha? Rudia tena uone."

Chenge hakurudia. Hata hivyo maneno yalishatoka, na jioni Eugenia aliyakuta nyumbani yakimsubiri.

Shangazi Wilhelmina, binti mkubwa wa Babu, alikuwa bado hajarudi kwake Sengerema, ambako aliuza vitenge. Tangu msiba alikuwa akilala chumba cha uani, mbali na nyumba kubwa. Alikuwa mwanamke mwenye huruma na sauti kubwa.

"Mtoto anakonda," alimwambia Venant. "Macho yamemwingia ndani. Na kile kitanda cha mzee bado kipo pale pale, ukuta mmoja naye! Kitanda cha marehemu hakikai hivyo. Jumamosi nitaita vijana wakitoe, kipelekwe mbali, na chumba kifungwe."

"Hakitoki," Eugenia akasema mlangoni.

"Wewe mtoto, watu wazima wanaongea."

"Shikamoo, Shangazi. Lakini hakitoki. Babu haniamshi."

"Marahaba. Basi nani anakuamsha?"

Hilo Eugenia hakulijua.

"Sikiliza," baba yake akasema kwa upole. "Sitaki ugomvi na dada yangu, wala sitaki ufe kwa kukosa usingizi. Ukilala vizuri kabla ya Jumamosi, kitanda kinabaki. Usipolala, kinatoka."

Tangu hapo Eugenia aliupania usingizi kama mtu anayepania mtihani. Alilala kila alipotoka shule ili ajizoeze kulala. Aliingia kitandani jua likiwa bado juu ya mawe. Alijifunika gubigubi, akabana macho, akajiamuru: lala, lala, lala! Kadiri alivyojiamuru ndivyo macho yalivyokuwa makavu. Alipochoka kupigana, aliomba msaada kwa Babu: akafungua kopo.

Ijumaa jioni mgeni alibisha hodi. Alikuwa Mwalimu Dorcas, anayewafundisha Sayansi, ambaye pia alisimamia mambo ya afya shuleni. Eugenia aliona viatu vyake tu mlangoni akajua kesi yake imefika.

"Karibu, Mwalimu, karibu sana," Mama alisema, akifuta kiti kwa khanga. Kisha akamnong'oneza Eugenia kwa aibu, "Kahawa ya wageni iliisha kwenye matanga. Sina hata punje moja ya kumpa."

Eugenia alisimama. Alimwangalia mwalimu aliyekuja kumshtaki, amekaa mkono mtupu kwenye kiti cha Babu. Mtu asiseme na mdomo mtupu. Alikwenda chumbani, akainua mto, akarudi na kopo, akapiga goti na kulishika kwa mikono miwili.

"Karibu kahawa, Mwalimu."

"Kopo la mzee!" Shangazi alishtuka. "Tumelitafuta mpaka kwenye maboksi!"

Mwalimu Dorcas alikuwa Msukuma wa Kwimba, ambako watu hawatafuni kahawa. Alidhani kahawa ni jina tu, na kwamba hizo ni zabibu kavu. Alitia punje tatu mdomoni kwa mpigo, akatafuna, akaacha kutafuna, na macho yakamtoka.

"Mama yangu we! Chungu hii!"

Hata Shangazi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika humo ndani tangu msiba. Mama alilichukua kopo ili alifunike, akalitikisa, na uso wake ukabadilika. "Lilikuwa limejaa. Euge, nani amekula kahawa yote hii?"

"Mimi."

"Lini?" Mwalimu akauliza, akiwa bado anajifuta mdomo.

"Usiku. Nikienda kulala. Na nikiamka."

Mwalimu Dorcas aliitoa punje moja mdomoni, akaitazama kiganjani. "Hii ni kahawa kahawa? Ile ile ya kunywa?"

"Hapana, Mwalimu," Mama akasema. "Ya kunywa ndiyo inayofukuza usingizi. Hii ni ya kutafuna tu, ya heshima."

"Mama Eugenia, tumbo halijui kama umeitafuna au umeinywa. Ni mbuni ule ule. Mtoto huyu anajifukuzia usingizi kila usiku, kisha anashangaa umekwenda wapi."

Eugenia aliinuka kutoka kwenye goti lake, akamgeukia Shangazi, uso ukiwaka.

"Nilisema! Nilisema si Babu!"

"Ulisema," Shangazi akakubali kwa sauti ndogo.

Mwalimu alinyoosha mkono. "Kopo hilo nipe nilihifadhi."

"Sikupi," Eugenia akalikumbatia. "Samahani, Mwalimu. Ni la Babu. Siliachi."

"Sijasema uliache. Nijibu swali moja. Babu yako alikuwa anatafuna saa ngapi?"

"Asubuhi. Na mchana, wageni wakija."

"Na usiku?"

Eugenia alifikiri. Alimwona Babu akikaa kitandani, akikung'uta mikono, akibana mfuniko kwa kiganja. "Usiku alikuwa anafunika," alisema polepole. "Alisema kahawa ya usiku ni ya wezi na walinzi."

"Haya. Basi mtii yeye, kama hutaki kunitii mimi." Mwalimu alisogeza kiti karibu. "Ukishakula chakula cha mchana, kopo limefungwa mpaka kesho. Ukitoka shule, usilale, hata ukisinzia. Cheza, chota maji. Asubuhi amka saa ile ile, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Na ukiamka katikati ya usiku, usilale hapo ukipigana. Amka ukae, washa taa ndogo, chambua maharage ya mama mpaka kope ziwe nzito, ndipo urudi kitandani. Wiki chache zikipita bila nafuu, tutakwenda zahanati. Lakini kuna jambo moja sijalielewa. Ulianza lini kuamka usiku? Nini kilikuamsha?"

Eugenia aliangalia mfuniko wa kopo. "Usiku ule Babu alipoondoka. Mkoromo wake ulikatika. Nikasikia. Nikalala tena." Sauti yake, iliyokuwa kali jioni nzima, ilikatika pia. "Nililala, yeye akaondoka. Ndiyo maana silali."

Venant alikuja akachuchumaa mbele ya binti yake, mikono yake bado ina vumbi la unga.

"Hata mimi nilisikia," alisema. "Nilikuwa macho. Nikasema, mzee amegeuka. Nikalala. Mtu mzima mimi, mwanawe. Babu yako aliondoka usingizini, Euge, nyumba nzima ikiwa imelala salama. Hakuna aliyemwacha."

Eugenia alilia kwa mara ya kwanza tangu Muleba. Baba yake hakumwambia anyamaze.

Alipomaliza, alijifuta kwa mkono wa sweta, na ule ukaidi ukarudi. "Kitanda je?"

"Kinabaki," Venant akasema.

"Kikibaki kitupu, watu wataendelea kusema." Akamwangalia Shangazi. "Shangazi, hukumwogopa Babu alipokuwa hai. Lala wewe kwenye kitanda chake, watu waone kama atakuamsha."

"Mtoto huyu!" Shangazi alishika kiuno. Alitazama mlango wa chumba cha baba yake kwa muda mrefu. "Sawa. Nileteeni shuka."

Mwalimu Dorcas aliaga kiza kilipoanza kuingia. Eugenia alimsindikiza hadi kwenye jiwe kubwa la njiani.

"Ukaidi wako nimeupenda," Mwalimu alimwambia. "Umeutetea ukweli mbele ya watu wazima. Ila usiupeleke kitandani. Usingizi haushindwi kwa vita. Usiku mwema hutengenezwa mchana: kwa unachokula, kwa kazi unayoifanya, na kwa kumweleza mtu kinachokuuma kabla giza halijaingia. Umekaa na neno lile peke yako muda mrefu mno."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na Chenge nitamfundisha mimi."

"Hapana, Mwalimu. Chenge niachie."

Usingizi haukurudi siku hiyo hiyo. Kulikuwa na usiku wa maharage, na mama yake hajawahi kuwa na maharage yaliyochambuliwa vizuri namna ile. Lakini siku zilivyokwenda maharage yalipungua, kisha yakaachwa kabisa. Kopo liko kabatini sebuleni, na hufunguliwa Jumapili baada ya misa, au mgeni akija. Mwalimu Dorcas akija huchukua punje moja tu.

Kitanda kiko pale pale. Shangazi Wilhelmina amerudi Sengerema, na kila anapokuja mjini kununua vitenge huvuka kwa kivuko cha Kamanga, akalala kwenye kitanda hicho. Anakoroma, na sauti yake huvuka ukuta.