Majina Mia Tatu ya Chura wa Sabaki

Kama hujawahi kumzuia mtu aliyebeba samaki ili umwulize habari za chura, basi hujui aibu aliyokuwa nayo Nasiba Ijumaa ile katika soko la Malindi. Alivaa buibui jeusi na mtandio wa rangi ya bizari, daftari kalikumbatia kifuani.

"Samahani, kaka. Waikumbuka katuni ya *Chura wa Sabaki*, yule wa mtoni?"

Wengine walicheka. Mmoja alimwambia akapumzike kivulini. Kisha akasimama kijana mrefu aliyetoka msikitini, kanzu nyeupe, bisibisi imechomoza mfukoni. Akatoa sauti nzito ya tumboni: "Maji yangu, tope lako!"

Daftari likamwanguka Nasiba.

"Umeisikia wapi?"

"Kwetu Jilore. Gari la sinema lilikuja, nina miaka minne, nimekaa mabegani mwa baba. Mpaka leo watoto wakigombania maji ya kuoga huambiwa hivyo. Naitwa Mwaringa, natengeneza feni na redio kule mtaa wa Barani. Na wewe, chura wamtakia nini?"

Nasiba akamweleza. Katuni ile aliichora babake, marehemu Abdulkadir, mchoraji wa mabango, picha moja moja kwa mkono, na sauti ya chura ilikuwa yake mwenyewe. Alifariki Nasiba hajatimiza siku arubaini. Nakala iliyobaki ilikuwa moja tu, ndani ya mkebe, nayo imeanza kunuka siki, maana ndivyo filamu inavyooza. Mafundi wa Nairobi walikubali kuisafisha na kuitoa upya kwa sharti moja: kabla ya mwezi kuisha, awaletee majina mia tatu ya watu wanaotaka kuiona.

"Kwa hivyo hujapata kuisikia sauti ya babako?"

"Sijapata. Leo ndiyo nimeisikia, kwako wewe."

Mwaringa akaliokota daftari. Akaomba karatasi tupu aende nazo Jilore.

Simu zikaanza siku hiyo hiyo.

"Chura wangu, umekula?"

"Nani chura wako?"

"Basi tope langu."

"Afadhali chura!" Nasiba alicheka mpaka mamake akachungulia mlangoni. Alikuwa amependa, na alijijua.

Wiki tatu baadaye Mwaringa alimletea karatasi zake, majina themanini na tisa. Nasiba akazisoma usiku... la, hakungoja usiku. Alizisoma pale pale mezani alipofika nyumbani. Mwandiko ulikuwa mmoja juu mpaka chini. Kahindi Mwaringa. Mwaringa Kahindi. Kahindi Mwaringa tena. Mwaringa Kahindi. Kahindi Mwaringa mara ya tatu!

Akapiga simu.

"Umenipikia majina, Mwaringa."

"Nimekupikia?"

"Jina moja unaligeuza mbele nyuma kama chapati! Nikiwapelekea haya wataniona mwongo, na baba ataozea mkebeni. Ungeniambia tu kwamba umeshindwa."

"Nasiba, hao ni watu."

Akakata simu. Alipotulia na kupiga tena, ya Mwaringa ilikuwa imezimwa. Karatasi zile akazitia kando, akalia kwa hasira na kwa mapenzi, na majina yakabaki mia mbili na kumi.

Siku moja kabla ya mwisho wa mwezi, simu yake ikalia. Namba yake ilikuwa imeandikwa juu ya kila karatasi.

"Mkaza mwanangu, hujambo? Mimi Kahindi Mwaringa wa Jilore. Sinema ni lini?"

"Shikamoo, baba. Bado, nitawajulisha." Mkaza mwana, mke wa mwanawe? Hajakaa sawa, simu ikalia tena.

"Mimi Kahindi Mwaringa. Hiyo sinema..."

"Baba, si umenipigia sasa hivi?"

Mzee akacheka. "Yule ni wa nyumba kubwa, baba yake huyo fundi wako. Mimi ni wa nyumba ya pili, na mwenzetu wa nyumba ya tatu hana simu. Baba yetu Mwaringa alioa wake watatu, na kila nyumba kifunguamimba wa kiume akaitwa Kahindi, jina la babu. Nasi kila mmoja kamzaa Mwaringa wake. Mikono yetu mizito ya kalamu, tukamwambia kijana atuandikie sote."

Nasiba akazikumbatia karatasi zote, hakungoja hata kubadilisha leso aliyojifunga.

Alimkuta Mwaringa Barani, ameinamia feni iliyofunguliwa, wala hakuinua kichwa.

"Nimekukosea," Nasiba alisema. "Nimewafuta wazee wako kwa sababu sikuuliza. Nisamehe."

"Waliniuliza kila siku kama umefurahi. Nikasema umefurahi sana." Kisha akazivuta karatasi, akahesabu. "Mia mbili tisini na tisa. Wewe mwenyewe hujajiandika."

Kweli. Aliwauliza wote isipokuwa nafsi yake. Akaandika *Nasiba Abdulkadir*, na mia tatu zikatimia.

Mwaringa akachukua kalamu, akaongeza mstari chini: *Kahindi Mwaringa*.

"Wa nne huyu katoka nyumba gani?"

"Yetu. Hajazaliwa. Ukikubali, baba na wenzake watakwenda Mambrui kwa ami zako wiki ijayo kukuposa."

"Hilo sasa ndilo la kupika," Nasiba alisema, akicheka na machozi yanamtoka. Jina hakulifuta. "Na mtoto wa pili?"

"Wa pili ni Abdulkadir. Huyo ndiye tutakayemfundisha sauti ya chura."